Kupoza Udongo: Shajara ya Bustani ya Nyuma ya Nyumba

Wiki ya 1

Kiwanja cha nyuma kina mita 6 kwa 9. Hakina mti wala kivuli, na ukuta wake wa upande wa mashariki umepakwa chokaa nyeupe, kwa hiyo jua la alasiri likiupiga linarudi tena ardhini. Miaka miwili mfululizo nimelima hapa na kuambulia nyanya za kuhesabu. Safari hii nataka kuandika kila hatua, na kitu cha kwanza nilichokichomeka ardhini si mche, ni kipimajoto.

Saa 8 mchana, sentimita 5 chini ya udongo mtupu: nyuzijoto 47. Nilirudia mara tatu nikidhani nimesoma vibaya. Kisha nikaenda kwenye kona ambako upepo umekuwa ukirundika majani makavu ya mwembe wa jirani. Hapo nako jua lilikuwa linapiga vilevile. Chini ya majani, kina kilekile: nyuzi 31. Kati ya sehemu hizo mbili kuna hatua nne tu.

Bibi wa nyumba ya pili alikuwa ananitazama juu ya uzio. Akasema, "Mwanangu, wewe mwenyewe huwezi kukanyaga hapo bila viatu. Mzizi utakanyagaje?"

"Kweli kabisa, bibi."

Swali lake ndilo limekuwa mradi. Mizizi ya mazao mengi ya bustani hustarehe udongo ukiwa kati ya nyuzi 20 na 30 hivi. Kwenye 47 hakuna cha kustarehe. Nimekuwa nikibadilisha mbegu, nikibadilisha mbolea, nikiongeza maji, na muda wote huo mimea ilikuwa inasimama juu ya kikaango. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupoza udongo, na sitapanda chochote kabla ya kipimajoto kushuka.

Wiki ya 2

Nimepigilia vigingi 12, na kwa siku tatu nimekuwa nikitoka kila baada ya saa moja kuandika kigingi kipi kina jua na kipi kina kivuli. Ni kazi ya kuchosha lakini naipendekeza kwa moyo wote, kwa sababu picha niliyokuwa nayo kichwani haikufanana na karatasi. Kona niliyoidhani ina kivuli ina kivuli asubuhi tu, wakati ambapo jua ni zuri, halafu inaachwa wazi kuanzia saa 7 hadi jioni.

Pakiti nyingi za mbegu huandikwa "jua kamili". Maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako mkulima huomba jua kama sisi tunavyoomba wingu. Nchi ya joto ina hesabu yake. Nyanya ikipata jua tangu saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana imeshiba. Asubuhi hewa ni ya ubaridi na mmea umekunywa maji usiku kucha, kwa hiyo vitundu vya majani viko wazi na kazi ya kutengeneza chakula inaendelea. Mchana hewa inapokuwa kavu na moto, mmea hufunga vitundu hivyo ili usikauke. Ukishavifunga, hewa ya kaboni haiingii tena, na mwanga wote unaoendelea kumiminika haujengi chochote, unaupasha moto tu.

Uamuzi: bustani iko wazi mashariki juu ya ukuta, nitaifunga magharibi. Kwa haraka, mstari wa mbaazi kando ya uzio wa magharibi. Hupita kimo cha mtu mzima, hupitisha mwanga uliochujwa, na mizizi yake hushirikiana na bakteria kuingiza nitrojeni ardhini. Kwa miaka ijayo, bogenvilia mbili kwenye uzio uleule. Hadi mbaazi zipande juu, neti ya kivuli juu ya miti minne itashika zamu.

Hizo bogenvilia nilizipata kama vipande vya matawi, na nimevichomeka kwenye makopo. Nina sababu yangu ya kuupenda mmea huu. Kile tunachokiita ua si ua. Ni majani yaliyogeuka rangi, na maua yenyewe ni yale matatu madogo meupe yaliyojificha katikati. Mimea hiyo ilikusanywa Brazili mwaka 1767 katika safari ya meli za Louis-Antoine de Bougainville. Mtaalamu wa mimea aliyekuwemo, Philibert Commerson, alikuwa na msaidizi wake Jeanne Baret, aliyepanda melini akiwa amevaa kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa. Baret anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia. Jina la mmea likaenda kwa nahodha. Kila nikimwagilia makopo yale mawili, ninayemkumbuka ni Baret.

Wiki ya 4

Wiki mbili za kubeba.

Udongo wangu ni wa kichanga, maji huupita kama chujio. Picha nyingi za bustani huonyesha matuta yaliyoinuliwa, na mahali pa mvua nyingi au udongo wa mfinyanzi yana maana, kwa sababu humwaga maji ya ziada. Kwenye kichanga na joto, tuta lililoinuliwa hupigwa jua juu na ubavuni na hukauka kwanza. Nimefanya kinyume. Nimechimba majaluba matatu, yaliyozama sentimita 8 chini ya njia, kila moja upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 5. Upana huo unaniwezesha kufika katikati kwa mkono kutoka pande zote mbili bila kukanyaga ndani.

Mboji: tabaka la sentimita 5. Hesabu yake ni lita 50 kwa kila mita ya mraba, yaani lita 300 kwa jaluba moja, ndoo 15 za lita 20. Ndoo 45 kwa yote matatu. Mgongo unajua. Na sidhani kwamba nimemaliza, kwa sababu udongo wa joto hula mboji kwa kasi. Vijidudu vinavyoiozesha huongeza kasi takriban mara mbili kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, mpaka vifike kikomo chao. Wenzetu wa baridi wakiweka mboji mara moja kwa mwaka wanaiona mwaka unaofuata. Mimi nimepanga kuongeza kila baada ya miezi mitatu, kidogo kidogo.

Kisha maji ya kutosha, kisha matandazo. Utaratibu huo ni muhimu: ukitandaza juu ya udongo mkavu unaufunga ukavu humo ndani. Nimetumia majani makavu na nyasi zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu, unene wa sentimita 8 hadi 10. Mche ukipandwa, naacha upana wa kiganja kuuzunguka shina, maana shina linalokumbatiwa na unyevu mchana na usiku huoza.

Siku tisa baada ya kutandaza, saa 8 mchana, kina kilekile: nyuzi 33. Chini ya neti pamoja na matandazo: 30. Nilimwita bibi aje kuona namba.

Wiki ya 6

Saladi imeshindikana. Mbegu 60, zimeota 4.

Mbegu hazikuwa mbovu. Nilizichukua kutoka pakiti ileile nikaziweka kwenye kitambaa chenye unyevu ndani, mahali pa ubaridi, na karibu zote zikatoa vimzizi ndani ya siku tatu. Shida ni kwamba mbegu ya saladi ikikuta joto la kama nyuzi 30 hivi hulala. Ina maji, ina hewa, lakini inangoja. Halafu kuna mtego wa pili: mbegu hii huota vizuri ikipata mwanga, kwa hiyo hufukiwa juu juu tu, na huko juu juu ndiko kunakochemka. Zaidi ya hapo nilikuwa nimeyasogeza matandazo ili vimche visizibwe. Nimejifunza kwamba namba yangu ya sentimita 5 ni namba ya mizizi. Mbegu ndogo huishi kwenye sentimita nusu, na kule sikupima.

Saladi inangoja msimu wa ubaridi. Wiki hii nimeatika pia vitunguu maji kwenye kitalu, na nimepandikiza miche 14 ya nyanya na 6 ya biringanya, jioni, ili iwe na usiku mzima wa kupumzika kabla ya kukutana na jua.

Wiki ya 7

Mbaazi zina urefu wa kiganja. Hakuna kingine cha kuandika, ila kwamba nimeanza kutoka saa 11 na nusu alfajiri, na sijawahi kuijua nyumba yangu saa hiyo.

Wiki ya 10

Nyanya zina maua mengi na matunda machache. Nimekaa chini kabisa karibu na mche mmoja kuangalia kinachotokea. Kikonyo cha ua la nyanya kina kifundo katikati, kama kiungo cha kidole. Ua likishindwa, njano huanzia hapo kwenye kifundo, na siku inayofuata ukiligusa kwa kucha linadondoka safi, bila jeraha. Mmea umelifungua mlango wenyewe.

Sababu ni joto, hasa la usiku. Mchana ukizidi nyuzi 32 hivi na usiku usiposhuka chini ya 21 au 22, chavua ya nyanya hupoteza nguvu na ua halifungi tunda. Usiku wangu wiki hii ni nyuzi 25. Neti haisaidii usiku, wala matandazo. Kuna joto la udongo ambalo naweza kulishughulikia, na kuna joto la hewa ambalo nalipisha lipite.

Miche minne ni ya nyanya ndogo ndogo, zile za ukubwa wa gololi kubwa, na hiyo inafunga matunda kana kwamba haijasikia habari. Mwakani nitabadilisha hesabu: nyanya kubwa kwa msimu wa ubaridi tu, ndogo kwa msimu wa joto.

Kila asubuhi natikisa vishada vya maua kwa kidole. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini chavua imefungiwa ndani ya kimfereji na hutoka kwa mtetemo. Nyuki wakubwa weusi wanajua kuutoa mtetemo huo kwa misuli ya mabawa. Nyuki wa asali hawawezi. Ukikaa kimya utasikia sauti ikibadilika ghafla mdudu anaposhika ua, kutoka mvumo wa kuruka hadi mlio mwembamba wa juu. Nimeanza kuupenda mlio huo kuliko kitu chochote kingine cha asubuhi.

Jambo jingine: nyanya chache zilizokomaa ziliishia rangi ya chungwa, hazikuiva wekundu. Rangi nyekundu ya nyanya, likopini, haitengenezwi vizuri joto likizidi nyuzi 30, ila ile ya njano huendelea. Sasa nazichuma pindi tu kitako kinapoanza kuona haya, naziweka ndani penye kivuli, na huko zinawiva nyekundu sawasawa. Ladha haijapungua, nimelinganisha.

Wiki ya 13

Huu ndio ukurasa niliotamani kuuandika tangu mwanzo. Bamia.

Kila mmea mwingine mchana huu umelegea. Mibamia imesimama wima, majani yamekunjuliwa kama viganja, mirefu hadi kiunoni mwangu. Mbegu nililoweka usiku mmoja kwa sababu ganda lake ni gumu, nikazipanda wiki ya 6 moja kwa moja kwenye jaluba la tatu, ambalo neti haifiki. Hazikuomba kitu.

Ua la bamia hufunguka asubuhi, njano ya siagi yenye moyo wa zambarau iliyokoza, karibu nyeusi. Kufikia alasiri limeshajifunga. Kesho yake limekauka na kuning'inia juu ya kibamia cha ukubwa wa kucha. Bamia ni ndugu wa pamba na wa haibiskasi, na ukilitazama ua unaouona ni uso wa familia: ile nguzo moja katikati iliyobeba chavua pembeni kote.

Kutoka ua hadi kuchuma ni siku 4 hadi 6. Nikipitisha siku moja tu, tunda limekuwa uzi. Sipimi kwa rula. Nashika ncha na kuipinda: ikikatika kwa mlio mkavu ni laini, ikijikunja bila kukatika imeshapita. Hizo zilizopita nazo nazikata, maana tunda likiachwa likomae mmea huelekeza nguvu kwenye mbegu na kupunguza maua. Mikono mirefu ya shati ni lazima, kwa sababu vinyweleo vya majani huwasha, na joto la ngozi yenye jasho huzidisha.

Nachuma kila siku ya pili, kabla ya saa 1 asubuhi. Kisu kidogo, kikapu, umande kwenye viatu. Ningeweza kusema kwamba naifanya kwa ajili ya mavuno, lakini jana nilimaliza kuchuma nikarudia mistari yote mara ya pili mikono mitupu, kwa kutazama tu.

Kingine kilichonifurahisha ni marando ya viazi vitamu niliyoyachomeka chini ya mbaazi wiki ya 9. Yameanza kufunika ardhi. Chini ya majani yake: nyuzi 30. Ni matandazo yanayojitandaza yenyewe, na sikuyabeba kwa ndoo. Kwenye kingo za majaluba nimeongeza nderema, ambayo inapanda kamba, na mbegu chache za maboga.

Wiki ya 16

Nyanya sita za jaluba la kwanza zilikuwa zinanyauka kila mchana na kufufuka jioni, ingawa udongo una unyevu. Leo nimeng'oa moja. Mizizi imejaa mafundo kama shanga zilizoshonwa vibaya, mengine ya ukubwa wa njegere. Minyoo fundo, ile midogo isiyoonekana kwa macho, inayoishi ndani ya mizizi.

Wanaoanza, msichanganye mafundo haya na yale mazuri ya jamii ya kunde. Nimeng'oa mkunde mmoja ili nilinganishe. Kifundo cha kunde kimeshikizwa ubavuni mwa mzizi, ukikisugua kwa kidole kinatoka, ukikipasua ndani kina rangi ya waridi: hiyo ni bakteria kazini. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Halitoki bila kuukata mzizi.

Minyoo hii hupenda mchanga na joto, yaani imenikuta nyumbani kwake. Nimeng'oa kila kitu kwenye jaluba la kwanza, nikaichoma mizizi, sikuitia kwenye lundo la mboji. Na sasa ninalitumia jua ambalo nimelipinga kwa wiki 15.

Mbinu hii ya kuupasha udongo kwa jua hadi viumbe waharibifu wafe ilitangazwa mwaka 1976 na Jaacov Katan na wenzake huko Israeli. Unaondoa matandazo, unasawazisha udongo, unaumwagilia hadi ulowe kwa kina, kisha unautandika nailoni angavu iliyovutwa ikakaza, na kingo zake unazifukia ili hewa isipite. Unaacha wiki 4 hadi 6 katika kipindi cha joto kali zaidi. Nailoni iwe angavu, isiwe nyeusi, kwa sababu nyeusi hupata moto yenyewe, angavu hupitisha mwanga ukaupashe udongo. Maji ni ya lazima: joto husafiri vizuri zaidi kwenye udongo mbichi, na viumbe vilivyolowa hufa upesi kuliko vilivyolala vikavu.

Siku ya tatu chini ya nailoni, saa 9 alasiri, sentimita 5: nyuzi 54. Sentimita 25: nyuzi 40. Minyoo iliyo chini zaidi itapona, najua. Nachotafuta ni kuipunguza ili mche ujao upate kuanza.

Iliniuma kung'oa. Nyanya zile nilizilea tangu zikiwa na majani mawili.

Wiki ya 19

Mvua ya kwanza, milimita 18 kwenye kopo la kupimia.

Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Upande wa paa wenye gata una mita 20 za mraba, kwa hiyo lita 360 zilipita. Maji ya mwanzo niliyaachia yaoshe vumbi, yakaingia pipani kama lita 300. Bustani yangu nahesabu lita 25 kwa mita ya mraba kwa wiki, mara mbili kwa wiki, nusu nusu, asubuhi, taratibu chini ya matandazo, si kunyunyizia majani kila siku. Majaluba mawili yaliyo kazini yana mita 12 za mraba. Lita 300. Mvua ya dakika 40 imenipa wiki nzima.

Na harufu! Nilitoka nje mvua ikiwa bado inanyunya. Harufu ya ardhi iliyopata maji baada ya kiangazi ina jina, petrikori, lililotolewa mwaka 1964 na Isabel Joy Bear na Richard Thomas, wanasayansi wa Australia. Sehemu yake ni mafuta ya mimea yaliyokauka juu ya mawe na udongo, sehemu ni kitu kinachoitwa jiosmini, kinachotengenezwa na bakteria wa ardhini. Nilitembea nikinusa. Njia tupu zina harufu kali, ya vumbi. Kwenye majaluba yenye matandazo harufu ni nzito na tamu zaidi, kama ya msitu. Mwaka jana kiwanja kizima kilikuwa na ile harufu moja ya kwanza tu.

Wiki ya 20

Maboga yametoa maua. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba, ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Joto kali na siku ndefu hufanya madume yawe mengi: leo madume 11, jike 1.

Saa 12 na robo asubuhi nilichuma dume moja, nikalichambua mapetali yake, nikabaki na kijiti chenye unga wa njano, nikaupaka kwa upole ndani ya jike. Kufikia saa 4 maua yote yalikuwa yamenywea. Ukilala, umekosa siku.

Wiki ya 23

Habari ya vitunguu. Wiki 17 tangu kuatika, majani ni ya kupendeza, manene, ya kijani ya samawati. Chini hakuna kitu, shingo tu kama ya kitunguu cha majani.

Nilipogeuza pakiti nikaona, kwa herufi ndogo: aina ya siku ndefu. Kitunguu hakianzi kujaza kichwa kwa kuangalia umri wake, huangalia urefu wa mchana. Aina za siku ndefu hungoja mchana wa saa 14 hadi 16, ambao hutokea kaskazini ya mbali. Hapa mchana mrefu kuliko yote haufiki saa 14. Kitunguu changu kingengoja milele. Aina za siku fupi huridhika na saa 10 hadi 12, na hizo ndizo za kutafuta kwa yeyote aliye upande wetu wa joto.

Mwaka 1920 Wightman Garner na Harry Allard, wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walionyesha kwamba mimea husoma urefu wa mchana. Walikuwa wanahangaika na tumbaku iliyokataa kutoa maua kiangazi kizima, mpaka walipoiingiza gizani kila siku kabla ya wakati ikaamini kwamba siku zimefupika. Nimeisoma habari hiyo nikiwa nimekaa kando ya vitunguu vyangu, na hasira ikaniisha. Vilikuwa vinafanya sawasawa kile vilichoumbwa kufanya. Majani tumeyatumia.

Nailoni nimeitoa wiki iliyopita. Nimerudisha tabaka la mboji, kwa sababu jua halichagui, limeua wazuri na wabaya. Jaluba lote nimelipanda marigodi za kimo kifupi, zilizosongamana, miezi miwili au zaidi. Mizizi yake hutoa dutu inayoidhuru minyoo fundo, lakini lazima ijaze jaluba lote, si mche mmoja mmoja pembeni kama pambo. Jaluba litakuwa la rangi ya chungwa kuanzia ukingo hadi ukingo, na siwezi kujifanya kwamba hilo halinifurahishi.

Wiki ya 24

Nyanya zilizopona jaluba la pili nimezikata hadi theluthi moja ya urefu. Nimezipa mboji na maji. Vipande vya juu nimevichomeka kwenye unyevu kivulini, vinatoa mizizi kwa urahisi. Bibi amechukua vitano pamoja na marando.

Wiki ya 29

Usiku wa jana: nyuzi 20. Mara ya kwanza tangu wiki ya 8.

Nyanya zilizokatwa zimechipua upya, na leo nimeona vitunda vinne vya ukubwa wa punje ya mtama, vimeshika, vifundo vya vikonyo vikiwa kijani. Mbaazi zimenizidi kimo. Saa 10 jioni kivuli chake kinafika jaluba la pili, chenye madoa madoa ya mwanga, na neti nimeikunja.

Moja ya bogenvilia imetoa kishada cha kwanza. Nilikuwa naimwagilia mno mwanzoni, ikawa majani tu. Nilipoinyima maji wiki tatu ikachanua. Nimetafuta yale maua matatu meupe katikati, yapo.

Wiki ya 34

Nimepima tena kabla ya kuatika, safari hii kwenye sentimita nusu. Saa 8 mchana, chini ya kivuli cha mbaazi: nyuzi 27. Saa 1 usiku: 22.

Nimeatika saladi mbegu 60 kwenye mstari uleule wa wiki ya 6, saa 12 jioni, ili usiku wake wa kwanza uwe wa ubaridi. Nimezikandamiza kwa ubao bila kuzifukia, nikatandika gunia lililolowa, nikalifunua siku ya tatu.

Siku ya nne, alfajiri, nimepiga magoti na tochi. Vijani viwili viwili, vya kijani iliyopauka, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, vingine bado vimevaa ganda la mbegu kama kofia. Nimehesabu 51. Nilipokuwa nahesabu mara ya pili, mche wa 52 ukajinyoosha.